Mipira Aliyodaka Mulongo

Karatasi ya kaboni ina harufu yake, na nyinyi wa rika langu mnaijua: kitu kati ya mafuta ya taa na vidole vya karani. Nilidhani harufu hiyo ilishazikwa zamani pamoja na taipureta. Kumbe ilikuwa imejificha ndani ya mkebe wa kakao chini ya kitanda cha Kukhu, ikiningoja. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Alikuwa na siku tatu tangu afariki, nami niliufungua mkebe nikitafuta kitambulisho chake, maana hata kuzikwa siku hizi kunataka kitambulisho. Harufu ikanipiga usoni. Nikakaa sakafuni, mwanamke mzima mwenye presha yake na miwani yake, kama mtoto wa darasa la nne aliyefumaniwa.

Nijitambulishe kwa aibu kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Khayega, nikakaa. Wenzangu wamefika Doha. Safari yangu ndefu ni Lumakanda, na nilirudi na homa. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, ukoo ulinifanya katibu. Naandika mialiko, kumbukumbu za mikutano ya mahari, na wasifu wa kila anayetangulia. Mshahara hakuna, lakini chai ipo. Safari hii ilikuwa zamu ya Kukhu mwenyewe, na wasifu wake niliuandika wote usiku mmoja isipokuwa mahali pamoja: *Marehemu alikuwa mama wa watoto* … halafu nafasi tupu.

Mnacheka. Mnasema, si uwahesabu tu? Basi nyinyi hamkulelewa na Kukhu.

Kwake watu hawakuhesabiwa. Wala vifaranga, wala ndama. Wakati wa chakula aliangalia tu mikono iliyonyooshwa kwenye obusuma, yaani ugali, akasema, "Kuna mkono haujafika," na kweli, kuna binamu alikuwa bado mtoni. Lakini kutaja idadi, hapana. Siku moja alinikuta nyuma ya jiko nikinyooshea vifaranga kidole, moja, mbili, tatu, akanishika kile kidole.

"Wewe! Unamhesabia nani?"

"Nahesabu tu, Kukhu."

"Hakuna kuhesabu tu. Ukihesabu, kuna mwenye kusikia. Atakuja kuangalia kama ni kweli, na akija hawezi kurudi mikono mitupu."

Siku ya pili yake mwewe alichukua kifaranga kimoja. Mwewe alikuwa akichukua kifaranga kila wiki, ndiyo, lakini mtoto hana kumbukumbu ya wiki zilizopita. Nilijua ni mimi.

Hata mtu wa sensa alipofika na daftari lake, mambo hayakuwa tofauti.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Wako."

"Wako wangapi?"

"Hao unaowaona."

"Na nisiowaona?"

Kukhu aliacha kupeta maharagwe. "Hao kaulize aliyekutuma. Mimi usiniulize." Yule kijana aliandika kitu, sijui nini, akaondoka bila kumaliza uji wake. Tangu hapo Kukhu akanibandika jina la Karani. Karani, lete maji. Karani, umehesabu nini leo? Nilikuwa nimeachwa kwake kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi Chekalini. Walisema nimsaidie bibi. Ukweli nilikuwa nakula tu.

Sasa, katika nyumba hiyo isiyohesabu watu, kulikuwa na Senje. Senje ni shangazi, dada ya baba. Jina lake Mukhwana, na alikuwa mrefu kiasi kwamba Kukhu alimtumia kuangusha maparachichi. Huo urefu ukampeleka Nairobi, kampuni moja ikamwajiri kazi ambayo hakuna mtu Khayega aliyeiamini: kucheza mpira wa kikapu. Si ofisini akacheza jioni, hapana. Kucheza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

"Analipwa kurusha mpira?" Kukhu aliuliza kila aliyepita njiani. "Na asiporusha?"

Senje, ili amwondolee mama yake wasiwasi, akaanza kutuma ushahidi. Jirani yetu alikuwa kondakta wa basi la Nairobi, na kila wiki mbili aliteremka na kifurushi: sukari, majani ya chai, na nakala ya karatasi ya mechi, ile ya chini iliyopigwa kaboni, ya rangi ya buluu na yenye kuchafua vidole. Juu majina ya wachezaji na namba za jezi. Mbele ya kila jina, safu za tarakimu: dakika alizocheza, pointi, pasi zilizozaa kikapu, faulo, na ribaundi, yaani ile mipira inayogonga chuma ikarudi na mtu akaidaka. Karatasi nzima ni watu waliohesabiwa mpaka makosa yao.

Mara ya kwanza nilipoisoma, Kukhu aliziba masikio kwa ukingo wa leso. Lakini kifurushi cha tatu kilipofika alikuwa ameshapata njia, maana mama ni mama.

"Watu waache," aliniamuru. "Mipira soma. Mipira si watu."

Basi Jumapili baada ya kanisa, tumbo limejaa, Kukhu kwenye mkeka wa barazani na mimi kwenye kigoda, nilisoma kama padre. "Mukhwana. Dakika thelathini na moja. Pointi kumi na moja. Amedaka mipira tisa."

"Tisa!" Kukhu alipiga paja. "Hiyo ni mikono yangu. Kwao baba yake wanaangushanga hata mtoto."

Ni katika kusoma huko nilipouona ule mstari.

Ulikuwa chini kabisa, baada ya wachezaji wote na kabla ya jumla. Mahali pa jina palikuwa na kistari tu. Jezi, hakuna. Dakika, hakuna. Pointi, hakuna. Lakini kwenye safu ya mipira iliyodakwa paliandikwa: tatu. Niliutazama muda mrefu. Mtu asiye na jina, ambaye hakuingia uwanjani hata dakika moja, alikuwa amedaka mipira mitatu.

Nikachomoa karatasi za nyuma. Alikuwepo katika kila moja. Mara mipira miwili, mara minne, mara mmoja. Sikumwambia Kukhu. Kila Jumapili nilisoma mstari wa Senje kwa sauti, halafu jicho likateremka lenyewe, kama mtu anayechungulia kisima huku amekatazwa.

Halafu hesabu zikaanza kubadilika. Senje, dakika ishirini na mbili. Wa kistari, mipira minne. Wiki mbili baadaye, Senje dakika kumi na nne. Wa kistari, mitano. Nilikuwa hodari wa hesabu kuliko ilivyokuwa salama kwangu. Niliona wazi kwamba mmoja anapungua na mwingine anaongezeka, na kwamba huyo mwingine anakula dakika za shangazi yangu.

Jina la Senje ndilo lililonipa jibu. Huku kwetu majina ya mapacha hayatafutwi. Mapacha wanakuja nayo. Wa kwanza ni Mukhwana, wa pili ni Mulongo, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Shangazi yangu alikuwa Mukhwana. Na katika nyumba yetu, katika mazungumzo yetu yote, katika picha zote ukutani, hapakuwa na Mulongo.

Nikachukua biro. Nilijiambia namfanyia mtu hisani: asiye na jina apewe lake, pengine ataridhika, ataacha dakika za watu. Juu ya kile kistari nikaandika, kwa mwandiko wangu bora, MULONGO.

Jumapili nikasoma. "Mukhwana. Dakika kumi na nne. Amedaka mipira miwili." Nikapumua. "Mulongo. Dakika hakuna. Amedaka mipira mitano."

Kukhu alikuwa akichambua maharagwe. Mikono ikasimama. Sijawahi kuona mikono ya mtu ikisimama vile, kama saa iliyoisha betri.

"Nani amekuambia jina hilo?"

"Liko hapa, Kukhu." Uongo mtupu, na wino haujakauka.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alininyang'anya karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya blauzi yake, halafu akasema polepole, akitazama njia ya kwenda barabarani badala ya kunitazama mimi:

"Sikiliza. Pacha akitangulia, haliliwi. Jina lake haliitwi. Wakati ule niliuma leso, sikutoa sauti, kwa sababu ya huyu aliyebaki. Ukimwita aliyetangulia, atageuka. Akigeuka atamwona mwenzake. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri sana.

Kifurushi kilichofuata hakikuja. Jirani kondakta alishuka basini akasema hakumkuta Senje pale wanapokutananga, na mlinzi hakumjua. Wiki mbili nyingine, hakuna. Simu ya mkononi ilikuwa moja tu sokoni, ya mwenye posho mill, kinu cha unga, na namba aliyotuachia Senje iliita mpaka ikachoka. Nilikonda. Mtu ninayependa chakula kama mimi, nilikonda! Kila asubuhi niliamka nikijua jambo ambalo mtu mwingine duniani hakulijua: kwamba nimemuua shangazi yangu kwa biro.

Nyumba nayo ilianza kuwa na tabia. Wakati wa chakula Kukhu aliandaa kibakuli kimoja zaidi, akakiweka upande wa mlango. Mimi, Karani, niliona kimezidi. Mtu haachi kuhesabu kwa sababu amekatazwa, anahesabu kimyakimya. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Kuku walikila, nadhani. Niliwahi kukiona kikiwa kitupu siku ambayo kuku walikuwa bado wamefungiwa.

Halafu nikaanza kusikia mdundo.

Ulikuja alasiri, saa ile mbingu ya Kakamega inapoweusha uso kabla ya mvua na ndege wanakaa kimya wote kwa pamoja. *Du. Du.* Kimya. *Du.* Mwanzoni nilisema ni maparachichi yanaanguka. Lakini parachichi likianguka halirudii. Siku ya tatu nilichungulia chini ya kitanda cha Kukhu, mahali ulipokaa mpira wa zamani wa Senje, wa shuleni, ulionywea kama boga la mwaka jana. Haukuwepo.

Nikazunguka nyuma ya jiko, nimejibana ukutani.

Kukhu alikuwa amesimama peke yake kwenye uwanja wa nyuma, amefunga leso kiunoni, ameshika mpira kwa mikono miwili. Mpira ulikuwa umejaa upepo, mgumu, kama mpya. Aliudundisha mara moja, vibaya, kama anayepiga nyoka. Halafu akausukuma kuelekea migombani. Akasubiri. Mpira ukarudi ukibiringika, taratibu, mpaka miguuni pake. Akaudundisha tena. Akausukuma tena.

Uwanja wetu una mteremko. Unapanda kuelekea migombani, kwa hiyo kitu kikisukumwa huko lazima kirudi. Najua. Hata wakati ule nilijua. Niliwahi kusukuma matairi pale. Nilijituliza kwa hilo. Mara ya nne Kukhu akausukuma, mpira ukaingia kati ya migomba. Haukurudi.

Kukhu alisubiri. Mimi nilisubiri. Upepo wa mvua ulipita juu ya majani makavu. Halafu bibi yangu akatikisa kichwa mara moja, kama muuzaji aliyekubali bei, akaingia jikoni.

Nilikwenda kuangalia, msiniulize kwa miguu ya nani. Mpira ulikuwa umetulia katikati ya migomba, juu ya udongo mtupu ulioinama, bila jiwe, bila gogo, bila kitu cha kuuzuia. Ulikaa tu. Kama kitu kilichoshikwa. Sikuugusa. Niliondoka kinyumenyume mpaka nikagonga kizimba cha kuku.

Aliendelea hivyo alasiri nyingi. Na alasiri moja, mvua ikianza, boda boda ikaingia uwanjani ikiyumba, na nyuma yake mtu mrefu mwenye mguu mmoja umenyooka mbele kama bunduki, mweupe wa plasta.

"Hodi! Mbona mnanitazama kama mzimu? Nishusheni, huyu kijana ataniangusha!"

Kukhu alimkamata uso kwa mikono miwili, akamgusa masikio, pua, meno. Mimi nilikimbilia nyuma ya ghala, nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Senje alieleza yote kwa kicheko, mdomo umejaa ingokho. Kuku walichinjwa, na kwa mara ya kwanza sikuwahesabu. Goti lilikuwa likimuuma tangu msimu uanze. Alificha, kocha akaona, akawa anampunguzia dakika. Mwishowe likakatika, akalazwa, simu ikaibiwa wodini. Ndiyo hayo tu. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, safi kama nguo iliyopigwa pasi, nami nikaanza kupumua.

Kukhu alipotoka kwenda kuchota maji ya kunawa, Senje akanivuta sikio.

"Karani. Mama ameniambia umeongeza mchezaji kwenye timu yangu."

Nikamwambia yote, yule wa kistari, dakika zinazoliwa, biro. Alicheka mpaka plasta ikagonga meza.

"Masikini wewe! Huo ni mstari wa timu. Sikiliza. Mtu akirusha mpira usiingie, ule mpira lazima uandikiwe mtu. Ndiyo sheria ya karatasi, la sivyo hesabu hazifungi. Sasa kuna mpira unaotoka nje hakuna aliyeudaka. Hauwezi kupotea. Wanauandikia timu, kwa sababu hauna mwenyewe."

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu. Ni mpira usio na mwenyewe tu."

Nilipaswa kufurahi. Lakini kicheko chake kilikuwa kimeisha mapema kuliko nilivyozoea, na alikuwa akilisugua goti juu ya plasta, pale pasipoweza kuhisi.

"Ila nikuambie," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile nilipoumia. Niliruka kudaka mpira, uko wangu kabisa. Nikiwa huko juu nikahisi mtu ameshaushika kabla yangu. Mikono mirefu kama yangu. Nikageuka nimwone." Akatazama mlangoni. "Hapakuwa na mtu. Na nilitua vibaya kwa sababu ya kugeuka."

Sikuuliza kama ilikuwa Jumapili ile niliyolisoma jina. Hadi leo sijauliza.

Senje hakucheza tena. Alikwenda kulima mahindi Lumakanda, ndiyo maana mimi nimewahi kufika huko. Anachechemea, ananitania, anaishi. Mpira ulirudi chini ya kitanda, na mdundo sikuusikia tena. Nilidhani Kukhu aliacha.

Mkebe wa kakao unasema vingine. Karatasi ilikuwa imekunjwa vilevile mara nne, na lile jina nililoliandika kwa biro lilikuwepo, MULONGO, herufi za mtoto anayejiamini kupita kiasi. Lakini mbele ya jina, kwenye safu ya mipira, kisha pembeni, kisha nyuma ya karatasi yote, kulikuwa na vijiti. Vijiti vya mkaa. Kukhu hakujua kuandika. Kijiti kimoja ndicho alichoweza. Ndipo nikaelewa alikuwa akiingia jikoni kufanya nini kila mpira uliposhindwa kurudi. Vya zamani vilikuwa vimefifia. Vya mwisho mwisho, kule pembeni, mkaa wake uliniachia weusi kidoleni. Mama asiyehesabu watoto, miaka yote hiyo, alikuwa akimhesabia mmoja mipira yake.

Nilianza kuvihesabu. Nikaacha. Nilikuwa nimelelewa vizuri, mwishowe.

Kesho yake tukaenda mjini, mimi na Senje, kwenye duka la kuchapa. Dada wa kompyuta alikuwa na kucha ndefu na foleni ndefu zaidi.

"Hapa hamjajaza. Mama wa watoto wangapi?"

Baba alikuwa ameniambia idadi kwa simu, ile ya walio hai. Kanisa lilitaka idadi. Nikamtazama Senje. Senje alikuwa akitazama magari nje.

"Futa hiyo nafasi," nikasema. "Andika majina tu, moja chini ya jingine. Na chini ya la mwisho uache mstari."

"Mstari mtupu? Watu watasema nimekosea."

"Weka kistari."

Akaweka, akinung'unika kwamba yeye hayumo kwenye kosa hilo. Vijitabu vikatoka vya moto, vinanuka wino, harufu ambayo haifanani na kaboni hata kidogo. Senje akachukua kimoja, akashuka na kidole: kaka zake, yeye mwenyewe, wadogo zake, mpaka kikafika kwenye kistari. Hapo kidole kikasimama. Nilijitayarisha kwa utani, maana yeye haachi.

"Karani," akasema, "lete biro."

Nikampa. Akainama juu ya meza ya watu, na mbele ya kile kistari, mahali ambapo zamani paliandikwa mipira, akachora kijiti kimoja kilichonyooka.

"Huyu amemdaka Mama," akasema. "Twende nyumbani, mvua inakuja."